Panya Anayeachiwa: Historia ya Mtego Usioua, kutoka Kiziba hadi Morogoro

Mwambie mkulima wa mahindi wa Magu, Misungwi au Sengerema kwamba kuna watu wenye shahada zao wanaoamka kabla ya jua kukagua mitego mia tatu shambani. Mwambie kwamba wakimkuta panya ndani wanampima uzito, wanamwandika kwenye daftari, halafu wanamwachia arudi alikotoka. Atakuuliza swali moja tu: hivi hao watu ni wazima?

Swali lake ni la haki. Panya ndiye anayefukua mbegu usiku uleule ilipofukiwa, na watafiti wamekadiria kwamba kwa mwaka wa kawaida panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania. Mwaka wa mlipuko, kuna mashamba ambayo hayabaki na kitu. Sasa unamshika mwizi, unampima kilo zake, unamwambia kwaheri?

Wiki hii, msomaji wetu, tunataka kumjibu mkulima huyo bila kukwepa. Jibu lina historia ndefu, na historia yenyewe inaanzia hapahapa ziwani, ng'ambo ya pili.

Kiziba, 1897: panya wanatoa habari

Ukipanda meli Mwanza jioni, asubuhi unaamka Bukoba. Kaskazini ya Bukoba, kuelekea mpaka wa Uganda, ndiko Kiziba, nchi ya migomba. Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na ugonjwa huko ambao wenyeji waliuita rubwunga. Ng'ambo ya mpaka, Buganda, waliuita kaumpuli. Mtu alipata homa kali, akavimba tezi kwenye kinena au kwapani, na mara nyingi hakumaliza wiki.

Mwaka 1897 daktari Mjerumani Robert Koch, yuleyule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam. Alikuwa ametoka India, ambako tauni ilikuwa inaua watu Bombay. Habari za ugonjwa wa Kiziba zilipofika pwani, daktari wa jeshi aliyeitwa Zupitza alikwenda kuuchunguza na kupeleka sampuli. Koch alipoziweka chini ya hadubini akamtambua mdudu aliyekuwa amemwona India: bakteria wa tauni, ambaye Alexandre Yersin alikuwa amemgundua Hong Kong miaka mitatu tu kabla, yaani 1894.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye uzito. Zupitza aliwakuta watu wa Kiziba tayari wanajua jambo ambalo madaktari wengi wa dunia walikuwa bado wanabishania. Walijua kwamba panya hufa kwanza. Wakiona panya wanakufa ndani ya nyumba hawakungoja mtu augue. Walihama, wakaiacha nyumba na migomba yake.

Kumbuka mwaka. Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayetoa tauni kwa panya na kuileta kwa mtu mwaka 1898, na wakubwa wa sayansi hawakumkubali mpaka karibu miaka kumi baadaye. Watu wa Kiziba hawakuwa na hadubini wala hawakumtaja kiroboto, lakini sehemu ya mnyororo inayookoa maisha walikuwa nayo: fuatilia panya, utajua kinachokuja kwa watu.

Lakini ona pia kasoro ya habari hiyo. Panya aliyekufa anakupa taarifa moja tu, tena imechelewa. Hakuambii alizaliwa lini, alitoka wapi, wenzake wako wangapi, wala kwa nini mwaka huu wamekuwa wengi kuliko mwaka jana. Ili kuyajua hayo unamhitaji panya aliye hai, na unamhitaji zaidi ya mara moja.

Kuua peke yake hakuhesabu

Usidhani watu wa kanda yetu walikaa wakiwatazama wanyama wa mashambani. Usukumani kulikuwa na chama kizima cha wawindaji wa nungunungu, Bununguli, chenye dawa zake, ngoma zake na nyimbo zake. Nungunungu ni ndugu wa panya, mwenye meno yaleyale ya kuguguna, na shamba la viazi au karanga akiliingia hana huruma. Wawindaji waliingia shimoni kumfuata, na shimo la nungunungu hukutana na nyoka humo. Ukienda makumbusho ya Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma, utaona jinsi vyama kama hivyo, pamoja na vile vya wacheza nyoka, vilivyokuwa na heshima yake.

Mwindaji wa namna hiyo alijua tabia za mnyama wake kuliko kitabu. Ila lengo lake lilikuwa kuokoa shamba hili, leo. Serikali za kikoloni nazo ziliifuata njia hiyohiyo kwa ukali zaidi: tauni ilipotokea mjini, panya waliuawa na nyumba zikateketezwa. Nairobi ilichomewa soko lake la Wahindi mwaka 1902 kwa sababu hiyo.

Hata wanasayansi wa mwanzo walihesabu wafu. Charles Elton wa Oxford, anayetajwa sana kama mmoja wa waasisi wa ekolojia, aligundua miaka ya 1920 kwamba idadi ya wanyama hupanda na kushuka kwa mizunguko. Aliipata wapi takwimu? Mojawapo ya hazina zake ilikuwa vitabu vya kampuni iliyonunua ngozi Kanada. Ngozi nyingi mwaka huu, chache mwaka ule. Ni werevu mkubwa, lakini ngozi haiwezi kukueleza mwenyewe aliishi miezi mingapi.

Sanduku la bati lenye mlango mmoja

Chombo kilichobadilisha mambo ni cha kawaida mno. Harley B. Sherman, mwalimu wa zoolojia Florida, Marekani, alibuni kisanduku cha bati jepesi, urefu kama sentimita 23, upana na kimo chini ya sentimita 10. Mbele kuna mlango wa springi unaolala chini. Ndani, kuelekea nyuma, kuna kibati kinachoyumba. Panya anafuata harufu ya chambo, anakanyaga kibati, mlango unafyatuka nyuma yake. Basi. Hakuna waya wa kumvunja shingo, hakuna gundi. Tena kisanduku kinakunjwa kikawa bapa kama daftari, hivyo mtu mmoja anabeba makumi.

Mtego huu ulienea kwenye nyika na majangwa ya Marekani, ambako panya wadogo wanaoruka kama kangaruu huishi katikati ya vichaka vikavu. Huko Portal, Arizona, James Brown na wenzake walianza mwaka 1977 kuwanasa panya hai, kuwatia alama na kuwaachia, huku vipande vingine vya ardhi wakivizungushia ua ili panya hao wasiingie. Miaka kumi na kitu baadaye, palipokosa panya palianza kugeuka kutoka vichaka kuwa nyasi ndefu. Mnyama wa gramu chache alikuwa anaamua sura ya jangwa! Bila kumfuatilia kwa miaka, nani angejua?

Hesabu iliyotoka kwa samaki

Haya, umeshamnasa, ukamtia alama, ukamwachia. Inasaidia nini? Hapa naomba dakika mbili za hesabu, na kwa kuwa tuko ziwani, itakuwa rahisi: imetokana na samaki. Mdenmark C. G. Johannes Petersen aliwatia samaki alama miaka ya 1890. Mwaka 1930 Mmarekani Frederick Lincoln akaitumia akili hiyo kuhesabu mabata.

Chukua mfano wetu wa kubuni. Usiku wa kwanza umenasa panya 40, ukawatia alama wote na kuwaachia. Usiku wa pili umenasa 50, na kati yao 20 wana alama yako. Yaani katika kundi la usiku wa pili, sehemu ya wenye alama ni 20 kwa 50, asilimia 40. Ikiwa kundi hilo linafanana na shamba zima, basi wale 40 uliowatia alama jana ni asilimia 40 ya panya wote. Panya wote ni 100. Umewahesabu mia moja bila kuwaona mia moja.

Rahisi? Ina masharti yake. Alama isipotee. Pasiwe na wageni wanaoingia wala wenyeji wanaohama kati ya usiku wa kwanza na wa pili. Na panya wote wawe na nafasi sawa ya kunaswa, sharti ambalo panya wenyewe hawajalisoma. Wapo wanaoogopa mtego daima baada ya kuonja kifungo. Wapo pia walioelewa kwamba usiku mmoja ndani ya bati ni chakula cha bure na asubuhi unafunguliwa mlango, hivyo wanarudi kila siku. Ndiyo maana siku hizi hesabu zinazotumika ni tata kuliko ile ya Petersen, lakini moyo wake ni uleule.

Morogoro: usiku tatu kila baada ya wiki nne

Kwa Tanzania, kazi hii ilipata makao Morogoro. Kati ya 1981 na 1985 Sam Telford aliwachunguza huko panya shamba, kwa jina la kisayansi *Mastomys natalensis*. Ndiye yule wa kijivu-kahawia unayemfahamu, anayepatikana karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, kanda yetu ikiwemo. Jike wake ana chuchu hadi 24. Mimba ni kama siku 23, na kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo si ajabu kwake. Piga hesabu mwenyewe.

Baada ya hapo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kikashirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji. Majina utakayokutana nayo kwenye makala zao ni Herwig Leirs, Ron Verhagen, Robert Machang'u, Rhodes Makundi, Apia Massawe, Loth Mulungu na wengine wengi. Tangu 1994 kumekuwa na uwanja mmoja wa hekta tatu wenye mitego 300, mmoja kila mita 10. Kila baada ya wiki nne mitego inategwa usiku tatu mfululizo. Chambo ni karanga zilizosagwa zikachanganywa na unga wa mahindi. Zidisha: 300 mara 3 mara 13 kwa mwaka. Ni mitego 11,700 ya kukagua kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe.

Walipata nini? Jambo la kwanza lilihusu mvua. Kwa kawaida panya shamba wa Morogoro huanza kuzaa baada ya masika kuanza, na watoto wa mwaka huo husubiri hadi msimu unaofuata ndipo nao wazae. Lakini mvua za vuli zikinyesha kwa wingi, kuzaa kunaanza mapema na kizazi cha ziada kinapata nafasi ya kujipenyeza. Mwaka unaofuata ndio huo tunaouita wa mlipuko. Mwaka 1996 Leirs, pamoja na watu wa Kituo cha Kudhibiti Panya cha Morogoro, walionyesha kwamba mvua za mwisho wa mwaka zinaweza kutumika kutabiri mlipuko. Mwaka 1997 jarida la Nature likachapisha uchambuzi wao: idadi ya panya inaongozwa na mvua na msongamano kwa pamoja, si kimoja peke yake.

Jambo la pili: madhara makubwa kwa mahindi hutokea mbegu inapopandwa na mche unapochomoza, kama wiki mbili hivi. Mkulima anayeweka sumu akiona mahindi yameshaliwa anakuwa amefunga banda ng'ombe ameshatoka.

Jambo la tatu limetoka mule mule kwenye damu ya panya walioachiwa. Mwaka 2009 kilitangazwa kirusi kipya, kikaitwa Morogoro, ndugu wa kirusi cha Lassa kinachoua watu Afrika Magharibi na ambacho nacho hubebwa na panya shamba. Cha Morogoro hakijulikani kuwadhuru watu, kwa hiyo watafiti wanaweza kukitumia kuelewa namna ndugu yake mkali anavyosambaa kutoka panya hadi panya. Ukimchukua tone la damu panya yuleyule mwezi baada ya mwezi, unaona lini aliambukizwa na lini alipona. Maiti haiwezi kukupa hayo.

Tukirudi upande wa ziwa

Usidhani habari ni ya Morogoro tu. Hifadhi ya Serengeti, kwenye ncha yake ya magharibi, inakaribia kabisa Ghuba ya Speke. Huko R. B. M. Senzota aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuhusu panya wa nyasi, ambao tofauti na wenzao hutembea mchana kweupe. Mwaka 2006 yeye na Flora Magige wakachapisha utafiti wa panya pale hifadhi inapokutana na mashamba ya watu, magharibi ya Serengeti. Na kumbukumbu za miaka mingi zimeonyesha kwamba Serengeti nayo ina milipuko ya panya, na kwamba ndege na wanyama wanaowala huongezeka kwa kuifuata. Wageni hulipa fedha kumwona simba, lakini mwewe na mbweha wengi riziki yao ni panya.

Hoja ni kwamba mvua za ziwani haziji kama za Morogoro. Kwetu ziwa lenyewe linatengeneza mawingu, na radi za alfajiri mkazi wa Mwanza anazijua. Kanuni ya vuli na masika iliyopatikana Morogoro huwezi kuinyanyua kama meza ukaiweka Ukerewe. Lazima ihesabiwe upya kwenye udongo wenyewe, na hesabu hiyo inahitaji panya anayeachiwa.

Gharama yake

Tusipambe. Mtego usioua unaweza kuua. Bati likipigwa na jua la saa nne linakuwa sufuria, ndiyo maana kazi inafanywa alfajiri. Siafu wakipita usiku wakamkuta panya amefungiwa, hana pa kukimbilia, na asubuhi unakuta mifupa. Mtafiti naye yumo hatarini: mkojo wa panya una vijidudu vya leptospirosisi, na kwenye maeneo ya tauni kiroboto hachagui msomi. Wilaya ya Lushoto ilipata wagonjwa zaidi ya 7,000 wa tauni kuanzia 1980, na waliokwenda kunasa panya huko walijua wanachokigusa.

Kisha kuna alama. Kwa miaka mingi njia iliyotumika ni kukata ncha za vidole kwa mpangilio unaompa kila panya namba yake. Ni rahisi, haipotei, na panya hurudi mtegoni kama kawaida. Lakini ni kukata kidole cha kiumbe hai, na wapo wanaoikataa. Kuna hereni za sikio, ila huchanika. Kuna chipu ndogo za chini ya ngozi, ila kila moja inanunuliwa, na panya wanaopita ni maelfu. Sisi tunadhani mtafiti anayeliona swali hili kuwa dogo hastahili kupewa mtego. Anayelikwepa kwa kurudi kwenye sumu naye hajamhurumia panya yeyote.

Basi tumwambie nini mkulima?

Tumwambie ukweli kwamba panya mmoja anayeachiwa hataongeza wala kupunguza njaa ya kijiji. Ukiua kumi shambani kwako huku jirani hajaua, nafasi yao inajazwa baada ya muda mfupi, na hilo pia lilijulikana kwa kutia alama na kuona nani mgeni, nani mwenyeji. Kinachosaidia ni kijiji kizima kutega pamoja, kabla ya kupanda, katika mwaka ambao mvua imeshatoa onyo. Yote matatu, yaani *pamoja*, *kabla* na *mwaka upi*, yametoka kwenye madaftari ya panya walioachiwa.

Na tumwambie kwamba hii si elimu ya kigeni iliyoshuka na ndege. Watu wa Kiziba walikuwa wameshaanza: waliwatazama panya ili wajue kesho ya watu. Walichokosa ni njia ya kumuuliza panya kabla hajafa, na kisanduku cha bati ndiyo njia hiyo.

Kwa hiyo wewe unayesoma hii ukiwa Nansio, Nyamagana au Geita, ukikutana alfajiri na watu wenye glavu wamepiga magoti kwenye shamba la mtu, usiwacheke kabla hujauliza. Na ukiona vuli imenyesha kupita kiasi huku panya wanaanza kuonekana mapema, zungumza na jirani zako na afisa ugani mapema, mbegu ikiwa bado gunia.